Kisanduku cha hali ya ajira na mwanafunzi mwenye kazi

Maombi ya kazi yamehamia kwenye simu. Kijana ambaye zamani angenunua bahasha ya kaki, akaandika barua kwa mkono na kupeleka nakala za vyeti kwa wakili zigongwe muhuri, leo anakaa usiku akijaza visanduku huku bando likielekea kuisha. Barua ilimpa nafasi ya kujieleza. Aliweza kuandika kwamba yuko mwaka wa tatu chuoni, na kwamba Jumamosi na Jumapili anakaa dukani kwa mshahara mdogo. Kisanduku hakina subira hiyo. Katika fomu nyingi za kampuni na mashirika kuna kimoja kilichoandikwa "hali ya ajira", na ukikigusa kinafungua orodha fupi: nimeajiriwa, nimejiajiri, sina ajira, mwanafunzi. Chagua moja, la sivyo fomu haisongi mbele. Kwa kijana anayesoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja, hapo ndipo mkono unaposita.

Ushauri anaoupata kwenye makundi ya WhatsApp ya wanachuo ni wa aina mbili. Wa kwanza unamwambia achague "mwanafunzi", kwa kuwa vibarua vya mtaani havimpi heshima yoyote mbele ya mwajiri. Wa pili unamwambia achague "sina ajira", aonekane yuko huru kuanza kesho asubuhi. Aina zote mbili zinalichukulia jambo hili kama fumbo la kubahatisha jibu litakalompendeza mwajiri. Mimi naona swali lenyewe limeeleweka vibaya. Kisanduku hicho hakikuulizi wewe ni nani. Kinauliza kama kuna mtu anayekulipa kwa kazi yako leo, na kama una wajibu kwake. Kwa swali hilo, mwanafunzi anayefanya kazi ameajiriwa, au amejiajiri kama kazi ni yake mwenyewe, na anapaswa kusema hivyo waziwazi akitaja na saa zake. Masomo yana sehemu yake kwenye fomu ileile. Anayejiandika "mwanafunzi" na kuishia hapo hajasema uongo, ila amefuta kwa mkono wake miaka ya kazi aliyoitolea jasho. Na fomu inayomsukuma afanye hivyo ina kasoro ambayo mwenye fomu ndiye anayepaswa kuirekebisha.

Tuanze na sababu ya swali hilo kuwepo. Mwenye kumbukumbu ya matangazo ya kazi serikalini hapa Tanzania anajua masharti yake karibu kwa moyo: uraia, umri usiozidi miaka 45, wadhamini watatu wa kuaminika, vyeti na si hati za matokeo. Kati ya masharti hayo kuna moja linalohusu ajira ya sasa. Mtumishi wa umma anatakiwa kupitisha barua yake ya maombi kwa mwajiri wake, na matangazo hayo yamekuwa yakirejea waraka wa tarehe 30 Novemba 2010 unaowazuia walio tayari kwenye utumishi kuomba nafasi za kuanzia. Maana yake, mwajiri mpya alitaka kujua kama mwombaji amefungwa na mkataba mahali pengine, kama mwajiri wa sasa anajua kwamba anaondoka, na atahitaji notisi ya muda gani. Sekta binafsi ina shauku ileile kwa sababu zake. Inataka kujua utaanza lini, na kama kuna mgongano wa maslahi. Hayo ni maswali ya kifungo cha kazi. Hakuna hata moja linalohusu kama jioni unakwenda darasani. Neno "mwanafunzi" liliingizwa kwenye orodha ya majibu na mtengenezaji wa fomu aliyetaka kila mtu apate pa kuangukia, na kwa kufanya hivyo aliweka jibu la swali moja chini ya swali jingine. Mtu anaweza kuwa mwanafunzi na mwajiriwa kama anavyoweza kuwa mama na mwajiriwa, na hakuna fomu inayokuomba uchague kati ya umama na kazi.

Nchi hii, kwa kweli, ilimheshimu mtu wa namna hiyo tangu zamani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba anayemaliza sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, na mapendekezo kutoka mahali pake pa kazi yawe sehemu ya sifa za kuingia. Utaratibu ule ulikuwa na matatizo yake na baadaye uliachwa, lakini ulijengwa juu ya imani kwamba aliyeonja kazi husoma vizuri zaidi. Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, chuo ambacho tangu siku ya kwanza kilikusudiwa kumfikia mtu asiyeweza kuacha kazi ili asome. Walimu wa shule za msingi, askari, manesi na makarani wa halmashauri wamepata shahada huko bila kukosa mshahara wa mwezi hata mmoja. Ongeza madarasa ya jioni ya vyuo vya biashara na fedha vya Dar es Salaam, ambako saa kumi na moja na nusu utakuta foleni ya watu waliovaa vitambulisho vya ofisini shingoni wakiingia lango la chuo.

Lakini hao ni wafanyakazi wanaosoma. Kiswahili kinatutofautishia vizuri hapa, kwa sababu jina linalotangulia ndilo linalobeba uzito wa mtu. Mfanyakazi anayesoma hasiti mbele ya kisanduku. Anagusa "nimeajiriwa" bila kufikiri, ingawa ana mitihani ya semista wiki ijayo. Anayesita ni mwanafunzi anayefanya kazi: binti wa mwaka wa pili anayekaa kwenye kibanda cha miamala ya fedha kwa simu karibu na hosteli, kijana anayefundisha tuisheni ya hesabu Mbagala, mwingine anayechapa na kutoa kopi steshenari, mwingine anayeshika zamu ya usiku mapokezi kwenye nyumba ya wageni, mwingine anayepiga picha za harusi kila Jumamosi. Hawa wameongezeka, na sababu haifichiki. Posho ya chakula na malazi kwa wenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, na fedha hiyo inapaswa kulipa chumba, kula na kujikimu kwa vingine vyote. Wasio na mkopo hawana hata hiyo. Bumu, yaani posho hiyo ya mkopo, likichelewa, au likiisha kabla ya mitihani, kijana anatafuta mahali pa kushika.

Kuhusu sheria, wengi wanashangaa wakiisoma. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa, na inatosha kigezo kimoja tu kati yake kitimie, labda ithibitishwe vinginevyo. Je, namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Je, anakupangia saa? Je, anakupa vifaa? Je, unamtegemea kwa kipato? Na kuna kigezo cha saa: umemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Isomwe vizuri hiyo. Ni saa 45 kwa mwezi, wakati wiki moja tu ya kawaida ya mwajiriwa wa muda wote hapa Tanzania inafika saa 45. Binti wa kibanda cha miamala akikaa saa nane Jumamosi na saa nne Jumapili, amefika saa 12 kwa wiki, yaani zaidi ya 48 kwa mwezi. Sheria ya nchi inamdhania kuwa mwajiriwa, awe na kitambulisho cha chuo mfukoni au asiwe nacho. Watakwimu wanakwenda mbali zaidi. Kipimo kilichokubaliwa na wanatakwimu wa kazi duniani, na kurudiwa kwenye mkutano wao wa Geneva mwaka 2013, kinamhesabu mtu kuwa ana ajira akifanya kazi ya malipo au faida kwa walau saa moja katika wiki inayoulizwa. Tafsiri yetu ya kitaifa ya ukosefu wa ajira ni kali zaidi ya hiyo, kwa kuwa inawaweka upande wa wasio na ajira pia watu ambao kazi yao ni ya kubangaiza isiyo na uhakika, na nadhani ni sawa kufanya hivyo. Ila hata kwa ukali huo, mtu mwenye zamu inayojulikana na malipo yanayojulikana hawezi kuitwa asiye na kazi.

Sasa wenye maoni tofauti nao wana hoja, na moja ni nzito kuliko inavyosemwa hadharani. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikimtaka mwombaji wa mkopo awe hana ajira wala mkataba, serikalini au kwa mtu binafsi, unaompatia mshahara au kipato. Kijana anayelipiwa ada na Bodi anajiuliza: nikiandika mahali popote kwamba nilikuwa kazini mwaka wa pili, si nitakuwa nimejishitaki? Nimesikia hofu hiyo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuipuuza. Ninachoona ni kwamba hofu hii inachanganya mambo mawili. Sharti hilo linamtazama mtu anapoomba mkopo. Mtu aliyekuwa na mkataba wa mshahara siku aliyojaza fomu ya mkopo na akaficha ana tatizo na Bodi, na tatizo hilo haliponi kwa kumficha mwajiri pia. Yeye njia yake ni kwenda kulinyoosha kwenye Bodi. Lakini kijana aliyeanza kushika zamu za wikiendi baada ya bumu kumuishia hana sababu ya kujiona mhalifu kwa kazi halali. Na hapa lawama nazipeleka kwenye maandishi ya miongozo, kwa sababu maneno "mshahara au kipato" yanamweka kapu moja afisa wa benki na binti wa miamala anayepata fedha ya kula. Mkopo uliwekwa ili asiyeweza kulipa asome. Kipato cha saa 12 kwa wiki hakimwondoi mtu kwenye kundi la wasioweza kulipa ada. Mwongozo ukitaja kiwango cha kipato badala ya kutaja kipato chochote, maelfu ya vijana wataacha kuishi kwa kujificha, na Bodi yenyewe itawajua wadaiwa wake mapema, jambo lenye faida kwake ukikumbuka kwamba wakishaajiriwa itawakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Hoja ya pili ni ya waajiri, nayo ina ukweli ndani yake. Mwajiri anasema mwanafunzi hana mwili wa pili. Wiki ya mitihani atakosekana, akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ataomba ruhusa Septemba, na ratiba ya vipindi ikibadilika naye atabadilika. Mwenye duka la dawa anayehitaji mtu wa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni hawezi kubeba hayo. Namkubalia kabisa. Anachohitaji mwajiri huyu, hata hivyo, ni ratiba. Akijua kwamba mwombaji anamaliza chuo Julai, kwamba vipindi vyake ni Jumatatu hadi Jumatano, kwamba kazi ya sasa ataiacha kwa notisi ya wiki mbili, ana kila kitu cha kuamulia. Neno "mwanafunzi" pekee halimpi hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana humtisha. Neno "sina ajira" humdanganya zaidi, kwa sababu linaahidi uhuru ambao mwombaji hana, na uongo huo utafichuka wiki ya tatu atakapoomba kutoka saa tisa kuwahi mtihani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba kazi isiyo na mkataba wa maandishi, isiyo na hati ya mshahara wala makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), si ajira ya kuandika popote. Kwa hoja hiyo, sehemu kubwa ya Watanzania wanaoamka alfajiri kwenda kazini hawana kazi. Mama lishe wa Tandale anayemlipa msichana wa kuosha vyombo kila jioni amemwajiri, na kutokuwepo kwa karatasi ni upungufu wa mwajiri ambao haupaswi kugeuzwa kuwa dosari ya msichana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, isipokuwa kwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri huyo, na kifungu cha 44 kinamtaka ampe cheti cha utumishi wanapoachana. Kenya nayo, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atoe cheti kama hicho. Ajabu ni kwamba wanafunzi karibu wote hawajui kuwa wana haki ya kukidai. Wanaondoka kibandani kwa kupeana mikono na kuagana vizuri, kisha miaka miwili baadaye wanakaa mbele ya fomu wakiamini hawana ushahidi. Barua ya nusu ukurasa yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi ulizofanya na namba ya simu ya mwenye biashara ingetosha. Mwenye biashara huyohuyo anaweza kuwa mmoja wa wale wadhamini watatu.

Nadhani chini ya hoja hiyo kuna kumbukumbu nyingine inayowatisha watu. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na siku hiyo ilibadilisha namna Watanzania wanavyojaza fomu. Tangu hapo kijana anaandika kile tu chenye muhuri. Tahadhari hiyo ni njema panapohusika vyeti vya shule. Lakini kughushi ni kudai usichonacho, na kazi uliyoifanya unayo. Ukweli unamfunga mtu pande zote mbili, yaani asiongeze, na pia asipunguze kwa woga. Na kwa kuwa nimemtetea mwanafunzi, nimkanye pia. Aliyemsaidia mjomba dukani siku tano za Krismasi hana uzoefu wa kuandika. Aliyekuwa anapanga bidhaa kwenye rafu asijiite meneja wa mauzo. Na wiki nane za mafunzo kwa vitendo ziandikwe kama mafunzo kwa vitendo, kwa sababu chuo kilikupeleka, mwajiri hakukuchagua, na anayekusaili anajua tofauti hiyo tangu yeye mwenyewe alipokwenda fildi.

Wapo wanaosema tukope jina kutoka nje na kulifanya hadhi kamili: "mwanafunzi anayefanya kazi" iwe chaguo la tano kwenye orodha. Mfano unaotajwa ni Ujerumani, ambako neno Werkstudent lina maana ya kisheria. Mwanafunzi wa namna hiyo kwa kawaida hufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa vipindi, na akibaki ndani ya mpaka huo anasamehewa michango ya bima ya afya, ya uangalizi na ya kukosa kazi inayotokana na ajira hiyo, huku akiendelea kuchangia pensheni. Pale neno lina kazi ya kufanya, kwa kuwa mwajiri akilisoma anajua gharama yake na mpaka wa saa. Watanzania na Wakenya wanaosoma Uingereza kwa viza ya mwanafunzi wanaujua mpaka kama huo, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wengi wa shahada, na kwao kuandika saa sawasawa ni suala la kubaki au kufukuzwa nchini. Kwetu hakuna msamaha wala mpaka unaofungamana na neno hilo. Tukiliweka kwenye orodha leo litakuwa lebo tupu, na naogopa litakuwa lebo ya kumchuja mtu. Afisa rasilimali watu mwenye maombi elfu mbili kwenye kompyuta akipewa kitufe cha kuwaondoa "wanafunzi wanaofanya kazi", atakibonyeza.

Ndiyo maana napendelea njia rahisi zaidi kwa mwombaji. Palipo na kisanduku kimoja tu, chagua "nimeajiriwa" kama unalipwa na mtu na una zamu, au "nimejiajiri" kama tuisheni au kamera ni yako. Kwenye sehemu ya uzoefu, taja kazi kwa jina lake na saa zake: "Mhudumu wa miamala ya fedha, Machi 2023 hadi sasa, saa 12 kwa wiki, nikisimamia floti na kufunga hesabu kila jioni." Kwenye sehemu ya elimu, taja shahada, mwaka uliopo, na mwezi unaotarajia kumaliza. Kwenye barua ya maombi, sentensi moja: utaweza kuanza muda wote tarehe fulani, na kabla ya hapo uko huru siku fulani. Usitumie neno "tu". Mara nyingi nimesoma "nilikuwa nauza duka tu", na neno hilo dogo humwambia msomaji asiendelee kusoma. Ukiwa huna kazi yoyote kwa sasa, kwa sababu uliacha Oktoba ili ujiandae na mitihani, basi huna ajira, andika hivyo, na ile ya zamani iweke kwenye uzoefu ikiwa na tarehe zake mbili.

Kazi kubwa zaidi ni ya wenye fomu. Kuitenganisha "hali ya ajira" na "hali ya masomo" kuwa maswali mawili ni kazi ndogo kwa mtengenezaji wa mfumo. Badala ya kuuliza wewe ni nani, fomu iulize unachotaka kujua: una mwajiri kwa sasa, unamfanyia saa ngapi kwa wiki, unaweza kuanza lini, unasoma siku zipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu akusanye zinazohitajika kwa lengo lililo wazi. Mwajiri ajiulize kama ana lengo la kutaka kujua kwamba mtu ni mwanafunzi wakati kinachomhusu ni saa zake. Na jambo hili lina haraka, kwa kuwa tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza kuwaingiza watoto wa kidato cha kwanza kwenye mkondo wa amali, wakijifunza ufundi, kilimo na ushoni pamoja na masomo ya kawaida. Kizazi hicho kitafika kwenye fomu zetu kikiwa kimeshika kazi mkononi tangu utotoni.

Wanaopoteza zaidi kwa kasoro hii ni wale waliolazimika kufanya kazi. Tangazo linasema uzoefu wa miaka miwili. Mtoto wa nyumba yenye uwezo anapata miezi sita ya kujitolea kwenye ofisi ya rafiki wa baba yake, anapewa barua yenye nembo, na barua hiyo inapokelewa kama uzoefu. Mtoto wa mkulima wa Kishapu, aliyefunga hesabu za kibanda kila usiku kwa miaka miwili ili alipe chumba, anajiandika mwanafunzi na kuacha sehemu ya uzoefu wazi. Mfumo wa kompyuta unampa alama sifuri kwenye kipengele ambacho yeye ndiye mwenye haki nacho kuliko yule wa kwanza. Tunalalamika kwamba wahitimu wetu hawajui kazi, huku tukiwa tumejenga fomu inayowaambia walioijua waifiche.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la kuchuja maombi ya msaidizi wa hesabu katika taasisi moja. Binti mmoja alikuwa amechagua "mwanafunzi" na hakujaza chochote kwenye uzoefu. Alipita kwa alama zake za darasani, kwa tofauti ndogo sana. Kwenye usaili tulimuuliza angefanya nini jioni ikiwa fedha zilizopo kwenye droo hazilingani na daftari. Alijibu kwa utaratibu, hatua kwa hatua, akitaja na makosa ambayo wateja na wahudumu huyafanya mara kwa mara, mpaka mwenyekiti wa jopo akaweka kalamu chini na kumuuliza alijifunzia wapi. Akasema alikuwa na kibanda cha miamala nje ya chuo kwa miaka miwili na nusu. Kwa nini hukuandika? Akajibu, "Nilidhani mnataka kazi za ofisini." Tulimchukua. Lakini siku ya kuchuja tulikuwa tumeweka pembeni maombi mengi yaliyofanana na lake, yenye neno "mwanafunzi" juu na nafasi tupu chini, na hayo hatukuyafungua tena.